Kichwa cha Muzee Ntirenganya

“Nyinyi muko banani?” Muzee Ntirenganya aliwauliza wageni. “Na munatafuta nini kwangu?”

Nyumba ilipasuka kwa kicheko na vigelegele. Siku ya kuomba msichana, mila inataka baba wa binti ajifanye hawajui wageni, hajui wamefuata nini, hata binti mwenyewe hamjui. Anayejua kusahau ndiye anayesifiwa, na kusahau kwa namna hii Goma ilikuwa haijawahi kuona.

Nyuma ya pazia, binti mwenyewe, Uwimbabazi, alijishika kichwa. Baba yake hakuwa akijifanya.

Kwamba anasahau kweli ilionekana wazi mwaka ule wa volkano. Watu walikimbilia Sake na magodoro mgongoni. Muzee alikimbia na viatu vyake vya kuchezea mpira, akisema kocha anamwita. Daktari aliuliza alifanya nini ujanani. Wakamwambia: mshambuliaji, miaka na miaka ya kufunga kwa kichwa, enzi za mipira ya ngozi ambayo ikinyeshewa ilikuwa mizito kama gunia la viazi. Mashabiki walimwita Nyundo. Daktari akasema huenda mipira ile ndiyo imekula kumbukumbu zake.

Mama Mukakalisa alimkataza binti yake kumwambia mtu, hata mchumba wake Magloire. Wakwe wangesema ni ugonjwa wa ukoo, na harusi ingekufa papo hapo. Baba mdogo Anastase, msemaji wao, angefunika yote kwa ulimi wake wa asali, lakini waasi walifunga barabara naye akakwama Rutshuru. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: Muzee akasema mwenyewe. Na wageni nao, kwa heshima, wakamweka mzazi mbele ya mzazi.

Mzazi wao alikuwa Muzee Edmond, baba wa Magloire, mtanashati wa koti la buluu, kofia mapajani, mwenye kovu kwenye paji la uso. Binti yake Nabintu alikaa nyuma yake, mdomo karibu na sikio la mzee.

“Ni siye batu ya Bukavu,” alisema Muzee Edmond. “Mimi naitwa Edmond. Tulikuja kuomba mutoto mwanamuke.”

“Mutoto mwanamuke? Hapa sina.”

Vigelegele tena! Mama Mukakalisa alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza, wapi. Muzee Edmond aligeuka nyuma, Nabintu akamnong'oneza, naye akaanza upya, neno kwa neno: “Ni siye batu ya Bukavu. Mimi naitwa Edmond...”

“Huyu hachoki!” shangazi mmoja alipiga makofi. “Hivi ndivyo musichana anaombwaka!”

Mara Muzee Ntirenganya akainuka, akafunga koti lake la kahawia, akavaa kofia yake.

“Basi, mimi naenda. Mechi inaanza.”

Hiyo haikuwa katika mila ya mtu yeyote. Uwimbabazi aliiona ndoa yake ikitoka mlangoni na kofia kichwani.

Muzee Edmond naye akasimama. “Mechi? Inaanza saa ngapi?”

Watu walicheka hadi viti vikaanguka. Mzaha kwa mzaha! Uwimbabazi alipumua, akamwombea baraka mkwe yule aliyewaokoa bila kujua.

Wazee wakabaki uso kwa uso. Muzee Ntirenganya aliliangalia lile kovu, akaligusa kwa kidole, kisha akagusa paji lake mwenyewe. Macho yake yakawaka.

“Weye! Beki wa Bukavu! Ile kona!”

“Nyundo!” alipiga kelele Muzee Edmond. “Ulinipasua!”

“Na mupira ukaingia!”

“Haukuingia!”

Wakakumbatiana, wanalia, wanacheka. Mambo ya jana yalimtoroka baba yake Uwimbabazi, lakini kona ile ya zamani alikuwa nayo yote.

“Mutu wa kichwa nguvu hivi,” Muzee Ntirenganya alitangaza, “mutoto wake namupatia musichana. Niko naye mumoja, ako fasi moja humu ndani.”

Basi ikawa sherehe. Wazee wakabadilishana makoti na kofia kama wachezaji baada ya kipyenga, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikazunguka, na bibi harusi akatolewa nyuma ya pazia, akacheza mpaka kilemba kikamdondoka. Magloire alikuwa akicheka kama mtu aliyetua mzigo. Halafu mvua ikashuka bila hodi. Wageni walilikimbilia gari wakiwa na mabeseni vichwani, Nabintu mbele, akilivuta lile koti la buluu chini ya mwamvuli. Gari likaondoka kwa honi na nyimbo.

Uwimbabazi alirudi ndani mbio. Mama yake alikuwa jikoni, na katika kiti cha baba, mgongo kwake, koti la kahawia lilikuwa limetulia likitazama mvua dirishani, kofia imeshuka hadi masikioni. Alimkumbatia kwa nyuma, akaegemeza shavu juu ya kofia ile.

“Papa, ulicheza muzuri! Hakuna mutu alijua kama unasahau. Hata ule muzee wao hakujua kitu!”

Kofia ikageuka polepole. Chini yake alikuwa Muzee Edmond.

Uwimbabazi alitupa macho dirishani: gari lilikuwa limekwisha kwenda na koti la buluu, na baba yake ndani ya koti hilo. Mzee alimtazama kwa upole, akampapasa mkono.

“Aksanti, mama,” akasema. “Na ile mechi, inaanza saa ngapi?”