Kilo Sita za Bibi Meya

Norris Thackray alimfuma mkewe nyuma ya mlango wa stoo, mdomo umejaa keki ya limau.

"Beryl! Jamani, kesho ndiyo siku ya mizani!"

"Najua," alisema Beryl, akipangusa sukari kidevuni. "Ndiyo maana nimekula kipande kimoja tu."

Sahani ilikuwa tupu. Norris alishika kichwa. Mwanamke huyu angemuua kwa presha.

Beryl alikuwa meya wa Wexcombe, na watu wa Wexcombe wana desturi yao tangu enzi za mababu. Meya akiapishwa hukalishwa kwenye mizani ya shaba pale sokoni, akapimwa hadharani, na joho lake jekundu na mkufu wake. Mwaka ukiisha hupimwa tena vivyo hivyo. Akionekana ameongezeka, mnadi wa mji hupaza sauti, "Na nyongeza!" Basi hapo ni kuzomewa mpaka achoke, maana amenenepa kwa kodi za watu.

Hiyo peke yake ilitosha kumnyima Norris usingizi. Lakini Beryl, siku ile ya kuapishwa, aliteremka kwenye mizani kwa mwendo wa taratibu wa kifalme, akashika kipaza sauti, akajitia kitanzi mwenyewe mbele ya mji mzima.

"Sitaki wembamba wa wanamitindo," alisema. "Mifupa yangu mipana, mama yangu alikuwa mpana, na hata nikifunga mwaka mzima nitabaki mpana. Kila mtu ajiwekee uzani unaoendana na umbo lake. Mimi nimejiwekea kupungua kilo sita. Nikishindwa, navua mkufu huu."

Watu walishangilia. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa diwani Crispin Moxon. Beryl akishindwa, yeye ndiye angekalia kiti cha umeya, na wala hakuficha kwamba akikikalia tu, atauza bwawa la kuogelea la mji. Norris alifundisha uzamiaji kwenye bwawa hilo nusu ya maisha yake, na ndimo alimokutana na Beryl.

Basi mwaka mzima Norris akawa askari jela. Alificha siagi. Alipika kabichi asubuhi, akapika kabichi jioni. Beryl aliila kabichi kwa adabu zote, kisha akaenda kufungua maonyesho ya maua, na kwenye maonyesho kulikuwa na keki. Akaenda kuisikiliza kwaya ya wazee, keki. Akaenda kuzindua choo kipya cha stendi, Norris akapumua, kumbe hata pale kulikuwa na keki. Na mizani ya bafuni hakuisogelea hata kwa bahati mbaya.

"Punguza lengo, mke wangu," Norris alimsihi jioni hiyo. "Waambie kilo moja. Watu wataelewa."

"Lengo langu linafikika, mzee wangu. Naujua mwili wangu."

"Mwili wako unakula keki!"

"Hilo nalo nalijua. Mbona huendi zako kuzamia, upunguze mawazo?"

"Nizamie na nini? Mkanda wangu wa kuzamia, ule wa vipande vya madini ya risasi, si kaniibia yule Alwyn? Nikimkumbuka tu yule jirani, damu inanichemka."

Alikuwa hajamsalimia Alwyn tangu mwaka jana. Wakikutana kwenye ua, Norris alitazama mawingu.

"Muache Alwyn wa watu," alisema Beryl, akaenda kulala.

Kesho yake soko lilifurika. Moxon alikuja na tai mpya na hotuba mfukoni. Beryl alilivuka jamvi jekundu akitembea upesi upesi, akajitupa kwenye kiti cha mizani, akamkonyeza mumewe. Norris alifumba macho. Aliliona bwawa limeshafukiwa, na juu yake maegesho ya magari.

Mnadi aliinama kusoma. Akanyanyuka, akainama tena.

"Wala si nyongeza!" alipiga kelele. "Amepungua! Kilo sita!"

"Haiwezekani!" Moxon aliruka. "Mwanamke huyu nimemwona kwa macho yangu akila keki! Mizani hiyo mbovu!"

Wakaleta gunia la unga kutoka kwa mwoka mikate, wakalipima. Mizani ilikuwa nzima kabisa. Moxon akadai joho likaguliwe, nalo likakaguliwa mpaka bitana. Lilikuwa joho tu. Watu wakaanza kumzomea yeye, naye akaondoka na hotuba yake.

Norris alilia waziwazi, bila haya. Mwaka mzima alikuwa amemshuku mkewe, kumbe kabichi ilikuwa inafanya kazi kimyakimya!

"Nisamehe, mpenzi," alisema. "Sikukuamini."

"Yamekwisha. Twende zetu, nina njaa. Hebu kaniletee koti langu. Liko kwenye kabati la ofisini, ufunguo huu hapa."

Norris alipanda ngazi akipiga mluzi. Akafungua kabati, akalitoa koti. Ndani, kwenye msumari, ulining'inia mkanda wake wa kuzamia, vipande vyote vya risasi vikiwa mahali pake. Nyuzi nyekundu za joho, za tangu siku ile ya kuapishwa, zilikuwa bado zimenasa kwenye bizimu. Karibu na bizimu palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, mwandiko wake mwenyewe: *Kilo 10*.

Beryl alikuwa amesimama mlangoni.

"Sita za ahadi," alisema, "na nne za keki. Sasa nenda ukamwombe Alwyn radhi."