Kurasa Safi

Kasuku alimkuta mama yake amechutama mbele ya jiko, anawasha mkaa kwa kurasa za kitabu cha mwanawe.

"Usininunie, mwanangu. Mafuta ya taa yameisha, na dada yako hajatia kitu tumboni tangu jana."

Kasuku alikinyakua kitabu. Nusu ya mwisho haikuwepo. Nyuzi za mshono zilining'inia tupu.

"Nimechana za nyuma tu," alisema mama, ambaye hakujua alifu wala be. "Za mbele zina alama za vidole vyako, nikajua ndizo unazozipenda. Hizi zilikuwa safi, hata hujazigusa."

Mama alikuwa anapuliza moto, macho yanamchuruzika kwa moshi, uso umetulia kama wa mtu aliyetenda wema.

Dada aliita kutoka chumbani, alikolala wiki ya tatu sasa. "We Kasuku, njoo. Uliahidi leo tunamaliza hadithi. Yule binti anafika kwao au hafiki? Na usinipigie miayo kama jana."

Kasuku aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akakilaza kitabu mapajani ili wembamba wake usionekane, akaanza kusoma kurasa zisizokuwepo.