Kumfukiza Shemeji

Kwa siku ya saba mfululizo Bi Mwanne alimfukuza mgeni wake, na kwa siku ya saba mgeni alimshukuru, akavua kofia yake ya pama, akakaa.

Hakumfukuza kwa maneno. Mtoto wa mji wa Tabora hamwambii mgeni "ondoka", humletea chetezo. Mkishakula na kunywa kahawa, mwenye nyumba hutia kijipande cha udi juu ya makaa, mgeni akajifukiza nguo na ndevu, kisha akaaga. Baada ya udi hakuna kikao. Kati ya kufukiza na kufukuza ni herufi moja tu, na mjini kila mtu aliijua.

Shemeji Bernardo hakuwa wa mjini. Alikuwa mrina asali wa Ipole, Mkristo wa Moraviani, ndugu wa kuchanjiana damu wa marehemu Lukumani, mume wa Bi Mwanne. Alileta debe la asali kwa ajili ya harusi ya Tatu, binti wa marehemu, akasema atalala usiku mmoja tu. Kesho yake alasiri alipoona chetezo kinamjia, aliuliza:

"Moshi huu ni wa nini, shemeji?"

Bi Mwanne alishikwa na haya. "Ni mapenzi tu, shemeji. Ndivyo tunavyomwambia mgeni kuwa tumefurahi naye."

Bernardo akauinamia moshi, akakohoa, akashukuru. Honi ya lori la Sikonge, la kumrudisha kwao, ikasikika njia panda, ikapotea. Yeye yupo.

Na udi wenyewe haukuwa wa kuchezea. Lukumani aliununua Unguja kabla ya vita vya Hitla, na tangu vita vile udi wa maana haukuonekana tena sokoni. Alipenda kueleza asili yake. Mti ukiwa mzima, alisema, hauna harufu yoyote, ni kuni kama kuni nyingine. Mpaka ujeruhiwe, kidonda kiingie ukungu, nao mti ukijiuguza utoe utomvu mweusi miaka na miaka. Ubao ule mgonjwa ndio udi. Ulio safi ukiutia majini huzama. Watu waliomba kipande kwa ajili ya mzazi aliyetoka kujifungua, kwa ajili ya tumbo, kwa ajili ya kifua. Lukumani alitoa kidogo kidogo, na kijaluba kimoja cha udi kilichobaki akakiusia: hiki ni cha kufukizia nguo za Tatu siku ya harusi yake.

Sasa kijaluba kilikuwa kinateketea mbele ya Shemeji Bernardo.

"Kifua chake kile," Bi Mwanne alimnong'oneza binti yake jikoni. "Husikii anavyokohoa? Amejua udi ni dawa. Amepata hospitali ya bure!"

"Mama, si umwambie tu Baba Mdogo ukweli?"

"Nimwambie mgeni aende zake? Mimi, mtoto wa Kwihara, Tabora hii? Baba yako atageuka kaburini."

Basi kila alasiri ikawa mchezo ule ule. Bernardo akimaliza kahawa hufunga mzigo wake, akaukagua fundo kwa fundo kama mtu anayeogopa kuibiwa, akavaa kofia. Bi Mwanne hukimbilia chetezo, moyo ukimwambia leo ndiyo leo. Kofia huvuliwa. Lori hupiga honi likaenda zake.

Siku ya nane kilibaki kipande kimoja, kama kidole gumba. Bi Mwanne alikitumbukiza kwenye bakuli la maji, kikazama moja kwa moja. Alikitazama pale chini na machozi yakamlengalenga, kwa kuwa harusi ilikuwa keshokutwa.

"Akae," alisema hatimaye. "Akae mpaka aote mvi mara ya pili. Hiki ni cha mwanangu."

Alasiri ile alipeleka kahawa tu, bila chetezo, akakaa mkekani, mikono mitupu.

Bernardo alikunywa. Alifunga mzigo, akavaa kofia. Akaangalia mlango wa jikoni, akangoja. Chetezo hakikuja. Akanyanyuka taratibu, uso umemchangamka.

"Shemeji, Mungu akulipe. Leo umeniruhusu."

"Nimekuruhusu?"

"Nyegere wanamaliza mizinga yangu kule Ipole wiki nzima, na moshi wako umenichoma kifua hata usingizi sipati. Lakini kila nikivaa kofia niwahi lori, unanifukiza. Ningemkimbiaje mtu aliyefurahi nami namna ile?"

Honi ililia njia panda. Bernardo akautupa mzigo begani, akaruka kizingiti.

"Niache nikimbie, shemeji, kabla hujanipenda tena!"