Mlango wa Tumboni

Tangu apasuliwe utumbo, Mwanakheri hakuwahi kulitazama tundu alilotobolewa tumboni ili choo kitokee hapo. Mumewe, Kombo, kila alipombadilishia mfuko wa choo uliobandikwa juu yake, yeye alijifunika uso kwa kanga. Lakini kesho Kombo angerudi kazini, mbali, mwezi mzima.

"Leo badilisha mwenyewe, mama watoto," Kombo alisema, ameshika beseni.

"Likinitazama je?"

"Halina macho hilo. Lipigie hodi kwanza."

Mwanakheri akaubandua mfuko polepole. "Hodi," alinong'ona.

Nyama nyekundu ya tundu lile, laini kama ndani ya shavu, ikajikunja, ikajikunjua. Kisha ikatoka sauti nzito, kama ya mtu anayeitikia kutoka chumba cha uani.

Kombo hakucheka.

Mwanakheri akachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akainama taratibu, kama anayeingia mlango mfupi.