Msemaji wa Dady

Kumvisha mume wake chuma kulimchosha Scholastique kuliko kumvisha bibi harusi. Kila mkanda ulikuwa na tundu lake, kila tundu limechakaa, na jua la Texas, ingawa ilikuwa Oktoba, lilikwishalifanya bamba la kifuani kuwa la moto kama sufuria.

"Kaza hapo kwapani," Dady alisema. "Hapo ndipo atatafuta kuingilia."

"Nikikaza sana utapumua wapi?"

"Nitapumua tukirudi nyumbani, Mama Zoé."

Akacheka peke yake. Scholastique alimwona akijaribu kukunja vidole ndani ya glavu. Viwili vikakataa, kama kawaida. Kupakia nyama ya barafu kwenye ghala la Houston kulikuwa kumevila. Daktari alisema akipata baridi zaidi ya ile, asahau kufunga vifungo vya shati. Lakini kikundi hiki cha watu wanaopigana kama mashujaa wa Ulaya ya kale kilikuwa kinatafuta mwalimu wa mieleka kwa tawi lao la Dallas, na mwenye kikundi alisema waziwazi: atakayeshinda fainali ya leo ndiye. Mieleka Dady aliijua tangu utoto wake Uvira. Upanga alijifunza juzi tu.

"Sikia sasa," akasema. "Wewe ndiye msemaji wangu. Sauti haitoki vizuri ndani ya hii kofia ya chuma, kwa hiyo kila mtu ana wake pale kwenye uzio. Mimi nikizidiwa, unaweza kunisemea lile neno lao la Kiingereza la kuomba huruma. Ukilisema tu, yule mama mwenye bendera anaishusha, na mimi nimeshindwa. Hakuna kurudia."

"Neno gani?"

"Sikuambii."

"Papa Zoé."

"Nakujua. Nikianguka kidogo tu, utalisema. Kiingereza chako ni salamu na asante, na hata asante yenyewe inakukimbia. Bon. Kaa hivyo hivyo."

"Na ukifa humo ndani?"

"Nikifa utaambiwa."

Akashusha kofia usoni, akaenda zake akilia kama kabati la vyombo.

Mpinzani alikuwa fundi bomba wa Missouri City, mtu mpana kama mlango wa kanisa. Scholastique alidhani watakatana. Hakuna aliyekata. Upanga haukati chuma. Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa yeye. Fundi bomba aliushika wake mkono mmoja kwenye mpini na mwingine katikati ya bapa, kama anayetwanga, akawa anautumbukiza penye mianya: kwapani, nyuma ya goti, ndani ya kiganja. Kisha akaugeuza, akashika bapa kwa mikono yote miwili, akampiga Dady kichwani kwa mpini kama kwa nyundo.

Mlio ule ulimwingia Scholastique kwenye meno.

Dady akapiga goti. Fundi bomba akamkumbatia kiunoni, akatia mguu nyuma ya mguu wake, wakaanguka wote, fundi bomba juu. Akachomoa jambia butu, akaanza kulisogeza kwenye tundu la macho. Ncha ikifika na kutulia pale, kwisha. Dady aliukamata ule mkono kwa mikono yake miwili. Vidole viwili havikushika.

Yule mama mwenye bendera, aliyesimama karibu tu na Scholastique, hakuwa akiangalia uwanja. Alikuwa akimwangalia mdomoni.

Scholastique akalitafuta neno. Kazi ya Dallas hakuikumbuka tena. Aliona bamba la kifuani likipanda na kushuka haraka mno, akahisi anamtazama mtu anayezama huku watu wanapiga makofi.

"Plizi," akasema. "Plizi. Helo."

Mwenye bendera akatikisa kichwa taratibu, kwa kumwonea huruma. Silo.

Scholastique akafumbata uzio mpaka mbao zikamchoma. Kanisa lao la mtaa wa Alief lilimpa kaseti za Kiingereza tangu Pasaka, alipofika kutoka kambi ya wakimbizi, na mpaka leo zilikuwa kwenye mfuko wake wa plastiki, hazijafunguliwa. Labda neno lilikuwa kwenye ile ya kwanza kabisa. Jambia lilishuka kidogo. Likashuka tena. Naye alisimama pale, mdomo wazi, hana kitu cha kutia ndani yake.

Ndipo Dady akaacha kusukuma. Akavuta. Jambia likapita kando ya kofia likachoma udongo, uzito wa fundi bomba ukalifuata, na Dady akapandisha nyonga kama alivyofanya mchangani kule Uvira, akambinua. Sasa yeye ndiye aliyekuwa juu. Goti lake liliukandamiza mkono wa mwenzake. Akachomoa jambia lake mwenyewe, akalielekeza kwenye tundu la macho, na uwanja mzima ukanyamaza kungoja ncha ifike.

 Scholastique akajiegemeza kwenye uzio, machozi yanamtiririka, koo limekauka hata kumeza hawezi. Bibi mmoja wa Kizungu aliyevaa gauni la kimalkia, aliyekuwa akimtazama muda wote ule, akamtilia mkononi bilauri ya maji baridi.

Akanywa yote, mpaka barafu ikamgonga kwenye midomo. Kisha akamgeukia yule bibi, akamshukuru kwa moyo wake wote, kwa Kifaransa cha kwao, na katika kimya kile sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Merci, maman. Merci."

Bendera ikashuka.