Kinyonga Adai Zamu Yake

Zama wanyama walipopenda magemu ya runinga, fundi Nungunungu alitoa "Mbio za Mto" mara nane, na kila toleo liliisha madukani siku ileile. La tisa akaona aibu kurudia yaleyale. Akabadilisha mto, akabadilisha magogo, akaondoa na ile desturi ya anayefungwa kumpisha mwenzake. Kila mnyama akawa anacheza peke yake. Wanunuzi wakaadimika.

"Hawa hawataki kipya!" akafoka.

Kinyonga, mzito wa vidole, aliyezoea kufungwa kila siku, akaja kulirudisha toleo hilo la tisa.

"Hata wewe? Si humu unashinda?"

"Nashinda, lakini hakuna wa kunitania. Zamani nikifungwa nampa rafiki yangu Pimbi pedi ya kuchezea, nakaa pembeni tunachekana. Mto wako mpya mzuri, fundi. Mimi nataka zamu."

Nungunungu hakufuta kipya hata kimoja. Alirudisha zamu tu. Toleo la kumi likauzwa kuliko yote, na nakala ya kwanza kabisa alimpelekea Kinyonga.

Kinyonga akafungwa papo hapo. Akampa Pimbi pedi, jicho moja likabaki mchezoni, la pili likamgeukia fundi.

"Ahsante, ndugu yangu. Siku nyingi sijafungwa."