Machozi ya Atupele

Siku hizi kila mtu Tukuyu hutia matone ya macho asubuhi, maana chavua ya miti mipya huwasha macho hadi yanavimba. Matone hutuliza mwasho, lakini hukausha machozi pia.

Atupele alipofiwa na mumewe, Ambokile, alitaka kumlilia. Asubuhi ya mazishi hakutia matone. Kaburini macho yakamwasha, yakawa mekundu, machozi yakamtiririka.

Sekela, dada wa marehemu, akamshika mkono. “Wifi, unalia kweli? Mimi kaka yangu nimeshindwa kumlilia.”

Atupele akajifuta kwa kanga. “Sijui, wifi. Yanatoka tu.”

Sekela akamsogelea, akalaza shavu lake kavu kwenye shavu lililolowa la Atupele. Wakabaki hivyo mpaka kaburi likafukiwa.